Keki ya Chokoleti Haipambwi Ikiwa ya Moto

Wadogo zangu mnaoanza kuoka hapa Kigoma, picha mnazonitumia naziona zote. Matabaka yamehama, krimu imechuruzika hadi kwenye ubao, halafu swali ni lilelile: "Dada, nimekosea wapi?" Nawapenda, ila nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja.

1. Soma pakiti ya kakao. Kakao ya kawaida ina uchachu, ndiyo inayofanya kazi na magadi soda, hasa mkitia na mtindi. Ile nyeusi iliyotiwa alkali haina uchachu huo, kwa hiyo tumia bekingi poda. Kakao yenyewe ivurugie kwenye kahawa nyeusi ya moto. Kahawa inalimwa mkoani kwetu, hamna kisingizio.

2. Mafuta yawe ya alizeti. Mawese yabaki kwenye maharage.

3. Kwa wanaooka kwa mkaa: moto mwingi juu ya mfuniko, chini kidogo tu. Wenye oveni, nyuzi 175, na trei ya sentimita 20 huchukua kama nusu saa. Keki ikiota kichuguu katikati, moto ulizidi. Kikate kwa kisu cha mkate, wape watoto.

4. Poza. Hapa ndipo mnaponiumiza moyo.

Kuna binti niliyemfundisha, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Alipata oda ya send-off, matabaka matatu, mteja anaitaka saa nane mchana. Keki zilitoka jikoni saa tano. Akazigusa juu, akaona zimepoa, akaanza kupaka krimu ya siagi. Lakini keki hupoa juu kwanza. Katikati bado ilikuwa inafukuta. Na siagi haina subira: ikifika nyuzi 32 hadi 35 inayeyuka kabisa, na huanza kulegea mapema zaidi. Sasa weka hapo na joto la mchana la Kigoma kabla mvua hazijaanza.

Mwanzo krimu ilikaa vizuri. Kisha ikaanza kung'aa. Mng'ao huo mjifunze kuujua: krimu nzuri imefifia kidogo, ikimetameta kama imepakwa mafuta ujue imeshaanza kuyeyuka. Yeye akaongeza sukari laini ili ikaze. Ikawa tamu ya kukereketa na nzito zaidi, ikazidi kulivuta tabaka la juu pembeni. Akalisukuma kwa kiganja, likarudi, likateleza tena. Akachoma vijiti vya mishikaki, makombo yakachanganyika na krimu, ubavu wote ukawa na madoadoa. Akaifunga hivyohivyo kwenye boksi, akapanda bajaji kutoka Mwanga kuteremka mjini. Ule mteremko mnaujua. Dereva alipokanyaga breki, tabaka la juu likaegemea ukuta wa boksi.

Jioni alikuja kwangu akanieleza yote, hata yale ambayo angeweza kuyaficha. Hela alikuwa ameshairudisha. Kilichomtesa zaidi ni uso wa mama wa bibi harusi alipofunua boksi mbele ya mashoga zake. Nilimwambia ninalowaambia nyinyi: simu moja ya "Mama, naomba mniongezee masaa mawili" ingeokoa kila kitu. Mteja atanuna, lakini keki ataipata.

Kwa hiyo oka usiku, au alfajiri kabla jua halijapanda. Keki ikishapoa, funga kila tabaka kwa nailoni, weka kwenye friji. Paka krimu nyembamba ya kushika makombo, rudisha kwenye friji nusu saa, ndipo upake ya pili. Na kwa joto letu mimi nasimama na ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwenye krimu ya maziwa, kuliko krimu ya siagi: chokoleti gramu 400 kwa krimu ya maziwa gramu 200. Inashika.

5. Friji yenyewe. Siagi hunyonya harufu, na kwetu hakuna friji isiyo na migebuka. Toa samaki, futa kwa limao, funga keki vizuri. Usibishane na mimi kwenye hili.

6. Usafiri. Keki iwe ya baridi, boksi liupite ubao wa keki kidogo tu, ikae kwenye sakafu ya bajaji na siyo mapajani. Mlipe dereva zaidi kidogo aende taratibu, na hela hiyo iingizeni kwenye bei tangu siku ya kupokea oda.