"Wakuu wake huhukumu": wanahukumu au hawahukumu?

SWALI: Katika kipindi cha kujifunza Biblia tulisoma Mika 3:11, "Wakuu wake huhukumu ili wapate rushwa." Kijana mmoja akashikilia kwamba "huhukumu" ni kukanusha, kama tusemavyo "wewe huhukumu", yaani wakuu waligoma kuamua kesi mpaka wahongwe. Mwingine akasema bora ingeandikwa "wanahukumu". Tumfuate nani?

JIBU: Msimfuate yeyote, ingawa kijana hakukosea bure. Tuna hu- mbili. Moja ni ya mazoea, nayo haitaki kiambishi cha nafsi wala cha wakati: mimi hula, wao hula, ng'ombe hula. (Kwa hiyo "wahuhukumu", ninayokutana nayo mara kwa mara, haipo.) Nyingine hukanusha nafsi ya pili umoja: wewe huli. Kwa vitenzi vya Kibantu irabu ya mwisho hutuokoa, maana -a hugeuka -i. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havigeuki, na mtego uko hapo. Tazameni aya hiyohiyo: makuhani "hufundisha" ili wapate ijara, yaani ujira. Ingekuwa kukanusha tungesoma "hufundishi". Lakini "huhukumu", na "hubashiri" ya manabii wanaotaka fedha, ukiyatoa kwenye sentensi hujui ni hu- ipi. Kinachoamua ni kiima. "Wakuu wake" ni nafsi ya tatu wingi, na kukanusha kwake ni "hawahukumu", basi.

Na "wanahukumu"? Sarufi haina neno, ila shtaka linapungua makali. Mika, mtu wa Moreshethi aliyetabiri huko Yuda katika karne ya 8 kabla ya Kristo, haripoti kesi moja iliyouzwa Yerusalemu juzi. Anashtaki desturi: mkuu, kuhani na nabii, kila mmoja ana bei yake. "Wanahukumu" inaweza kuwa ya sasa hivi au ya siku zote. "Huhukumu" haikuachii mwanya huo. Siku hizi wengi husema "huwa wanahukumu", nami sina ugomvi nayo. "Wanapokeaga" ya bara ni tamu kuisikia, lakini kwenye maandishi rasmi iacheni.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeuliza juu ya maneno yanayofuata: "ila hata hivyo watamtegemea BWANA", huku wakijipa moyo kwamba yupo katikati yao na hakuna baya litakalowafika. Baada ya hu- tatu, -ta- inatafuta nini? Hapa haisemi habari za kesho. Ni ile ya "fulani mla rushwa, lakini Jumapili utamkuta kiti cha mbele": tabia uliyoizoea mpaka unaweza kuitabiri. Wala rushwa hawa walikuwa wacha Mungu machoni pao wenyewe, na ndicho kilichomuudhi Mika. Wakati ujao wenyewe unaingia aya ya 12, Sayuni inapoambiwa kwamba italimwa kama shamba.