Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Katikati

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimenunua nyumba ndogo ya safu mjini Leicester, Uingereza, yenye vyumba viwili chini, jiko nyuma yake, na bafu baada ya jiko. Fedha zangu ni chache. Nihamishie bafu ghorofani, au nibomoe ukuta wa katikati ya vile vyumba viwili vya chini?

JIBU: Ndugu msomaji, liache bafu lilipo, kwani kuhamisha mabomba ya maji taka ni gharama kubwa, na huko juu litakula chumba cha kulala. Ukuta nao usiuguse kabla mhandisi hajaukagua, kwa kuwa katika nyumba nyingi kongwe za aina hiyo ndio unaobeba sakafu ya juu. Ukiondolewa, sharti uwekwe mhimili wa chuma, kwa idhini ya kanuni za ujenzi. Iwapo mhimili utaingia katika ukuta mnaochangia na jirani, sheria ya Uingereza ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe taarifa ya maandishi miezi 2 kabla. Sisi tungefungua uwazi mpana tu: mhimili huwa mfupi, na hubaki ukuta wa kuegemeza kabati, jambo ambalo wengi hulikumbuka ukuta ukiwa umekwisha kubomolewa.