Faili la .vbox limeharibika: je, data zimekwenda nalo?

Swali: Habari za kazi, fundi. Umeme ulikatika ghafla hapa dukani, na uliporudi VirtualBox ikakataa kufungua mashine pepe yetu ya Windows (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta) yenye hesabu zote za duka. Faili la Hesabu.vbox lipo ila lina baiti 0. Hesabu.vdi ipo, na kuna folda ya Snapshots yenye mafaili mawili ya majina marefu. Je, niunde mashine mpya niipe ile Hesabu.vdi?

Jibu: Pole sana, ndugu. Mashine mpya utaiunda, lakini tafadhali usiiwashe kwa kutumia Hesabu.vdi.

Faili la .vbox ni maelezo tu: RAM kiasi gani, diski zipi, zimeunganishwa vipi. Hesabu zenyewe zimo kwenye diski pepe, yaani mafaili kama Hesabu.vdi. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo folda ya Snapshots. Tangu siku mlipochukua snapshoti ya kwanza (picha ya hali ya mashine ya wakati huo, ya kuirudia baadaye), Hesabu.vdi iliacha kuandikwa. Kila ankara iliyoingia baadaye ilikwenda kwenye faili la juu yake, ambalo hubeba tofauti peke yake. Ukiwasha diski ya chini, utaona hesabu za siku ile ya snapshoti na kudhani kazi yote ya baadaye imefutika. Baya zaidi, Windows kwa kule kuwaka tu itaandika humo, na mafaili ya juu hayatalingana tena na msingi wao. Data ambayo ingepona huharibikia hapa.

Anza kwa kunakili folda nzima ya mashine kwenye diski ya nje, kisha uichomoe na kuiweka kando.

Sasa tafuta Hesabu.vbox-prev. VirtualBox huihifadhi yenyewe kila inapobadilisha mipangilio, na mara nyingi huponea chupuchupu. Ifungue kwa Notepad. Ukiona mistari ya HardDisk inayotaja Hesabu.vdi na mafaili yote mawili ya Snapshots, una bahati: ondoa lile faili tupu, nakili hii kwa jina la Hesabu.vbox, kisha uiongeze mashine kwenye VirtualBox. Ikiwa inataja faili moja tu la Snapshots, ni ya kabla ya snapshoti ya mwisho, iache.

Kama haifai, nenda kwenye folda ya Logs ufungue VBox.log. Kila mashine inapowaka, VirtualBox huandika humo mipangilio yake karibu yote. Tafuta neno Path: utakuta diski iliyokuwa ikitumika mara ya mwisho, na chini yake, kwenye sehemu zenye neno Parent, mzazi wake na mzazi wa mzazi. Huo ndio mpangilio wako. Mistari yenye ahci inamaanisha diski ilikuwa kwenye SATA, moja ya njia za kuunganisha diski. Piix3ide ni IDE, njia nyingine ya kuunganisha. Angalia pia kama kuna efi, aina ya mfumo wa kuwashia mashine. Ukikosea mambo haya Windows inaweza kugoma kuwaka, ilhali RAM waweza kukadiria tu.

Ukishajua mpangilio, fungua sehemu ya kusimamia midia (diski pepe) ndani ya VirtualBox. Ongeza Hesabu.vdi kwanza, kisha mtoto wake, kisha mjukuu. Ukivuruga mfuatano itakuambia kwamba mzazi hajapatikana. Halafu chagua lile la mwisho na uamuru linakiliwe kuwa VDI mpya. Nakala hiyo huunganisha tabaka zote kuwa diski moja kamili, na ya zamani haiguswi. Hiyo ndiyo ya kuipa mashine mpya. Hata Windows ikigoma, 7-Zip hufungua VDI kamili namna hiyo, ukatoa faili la hesabu peke yake.

Kuna hali moja ambayo njia hizi hazitoshi: kama diski ilisimbwa (data kufichwa isisomeke) kwa nenosiri kupitia VirtualBox yenyewe. Ufunguo wa kuisimbua huhifadhiwa ndani ya .vbox, na nenosiri hufungua ufunguo huo tu. Bila .vbox-prev au nakala rudufu ya zamani ya faili hilo, kulikumbuka nenosiri hakusaidii. Kwa hiyo kama mlisimba, tafuta nakala hizo kwenye kila flashi na kila diski ya nje kabla ya jambo jingine lolote.