Thina ipi kwa dopu ipi

Bawa la ndege yangu ya mfano lilikuwa limenila wiki tatu. Mbavu za balsa, ule mti mwepesi sana, nilizikata kwa wembe, nikazipiga msasa mpaka zikalingana, kitambaa cha hariri nikakivuta juu yake kikiwa kibichi na kukipaka dopu isiyo na rangi, yaani vanishi ya kukazia kitambaa cha ndege, mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ikabaki rangi tu. Kopo la dopu nyekundu aliniletea binamu yangu kutoka Marekani, nzito kama asali, na thina ya kuizimulia hakuileta. Nikakumbuka lita moja iliyobaki nilipopulizia bampa la gari. Nikamimina, nikakoroga. Kwa dakika kama moja ilionekana inakubali, kisha ikaanza kukatika kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu: madonge mekundu chini, maji ya pinki juu. Bawa lilisalimika kwa kuwa brashi ilikuwa bado haijaligusa. Nusu kopo la dopu ndiyo hivyo tena.

Nilichokuwa sijui ni kwamba dopu ziko mbili, na zinafanana machoni. Ya kwanza ni ya nitrati, yaani nitroselulosi, ndugu wa damu wa ile vanishi ya NC wanayopiga mafundi samani. Ya pili ni ya butireti, na ndiyo iliyonikatikia koponi. Hiyo ukifungua kopo inatoa kaharufu ka siagi iliyochacha. Ukishaizoea huwezi kuikosea. Nitrati inashika mbao na kitambaa vizuri zaidi, lakini injini ndogo za ndege hizi, zinazotumia mafuta ya methanoli, zikiitemea mafuta hayo inalainika na kunata. Butireti inayastahimili. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza na nitrati chini, tunamalizia na butireti juu. Usigeuze mpangilio huo: nitrati juu ya butireti haishiki sawasawa.

Na thina zinafuata njia hiyohiyo ya upande mmoja. Thina ya butireti inaweza kuzimua nitrati bila ugomvi. Thina ya nitrati ndani ya butireti ni kujitafutia madonge. Thina ya magari ndiyo usiiamini kabisa kwa butireti, kwa sababu ni mchanganyiko wa toluini, asetoni, alkoholi na vingine ambavyo kopo halikutajii, na kila mtengenezaji ana mapishi yake. Kwa nitrati mimi naitumia, lakini ile ya daraja la juu, siyo ya bei ya chini ya kuoshea bunduki ya rangi. Kama butireti yako haina thina yake, subiri uipate. Najua inauma.

Somo la pili lilinipata Dar, katikati ya masika. Safari hii thina ilikuwa sahihi, dopu sahihi, na bado bawa lilipauka lote, likawa na ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa rangi za magari kule mtaa wa Gerezani. Akaligeuzageuza, akacheka.

“Mwanangu, ulipaka mvua ikinyesha?”

“Ilikuwa imekatika, mzee.”

“Imekatika juu. Hewani bado ipo.”

Alivyonieleza ni hivi: thina ikiruka haraka inaupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani unatua pale kama umande kwenye chupa ya soda baridi. Ukinaswa ndani, rangi inapauka. Dawa yake ni ritada, thina inayokauka polepole, unaitia kidogo tu. Ukizidisha, bawa litakaa siku tatu likinata na kukusanya kila mbu wa mtaa. Na lililokwisha kupauka halijafa: ngoja siku kavu, pitisha mkono mwepesi wa thina yenye ritada, ukungu unayeyuka. Langu lilirudi, isipokuwa kona moja ambayo mpaka leo naiona mimi peke yangu.

Rangi ya mafuta haina mambo mengi. Inazimuliwa kwa tapentaini, na unaweza kuipaka juu ya dopu iliyokauka barabara. Kinyume chake usijaribu. Dopu juu ya rangi ya mafuta inaiinua na kuikunjakunja. Ndege za plastiki au za povu ziweke mbali kabisa na thina ya dopu. Nilishawahi kuchanganyia kwenye kikombe cha aiskrimu, kitako kikayeyuka na mezani kukabaki duara ambalo mama yangu hajalisahau. Tumia chupa ya kioo.

Kwa hiyo kabla ya brashi kugusa ndege, chukua kijiko cha dopu na kijiko cha thina, changanya kwenye kioo, acha robo saa. Ikibaki laini bila nyuzi wala punje, paka kipande cha balsa kilichofunikwa kitambaa kilekile unachotumia, kilale usiku mzima. Kesho yake dondoshea tone la mafuta ya methanoli ya injini yako, uone kama inalainika. Mimi mikono ya kwanza huzimua nusu kwa nusu, ya mwisho naongeza thina kidogo.

Fanyia nje au madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko, kwani nitroselulosi ni jamaa wa baruti. Na mvuke usiuchukulie poa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Uingereza, wafanyakazi waliokuwa wakipaka mabawa kwa dopu yenye tetrakloroithani walipata ugonjwa wa manjano, na wengine wakafa. Dopu za leo hazina kitu hicho, lakini thina nyingi zina methanoli, nayo inapita kwenye ngozi. Vaa glavu.

Chupa zangu sasa zina plasta iliyoandikwa kwa kalamu nene: NITRATI, BUTIRETI, na ile ya bampa, GARI TU. Hiyo ya mwisho iko rafu nyingine kabisa.