Re: Kinyumba cha mapumziko Lushoto, barua ya sheha wa kule yatosha?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama barua ya sheha yatosha kununulia nyumba Lushoto. Kule bara hakuna sheha kama kwetu Zanzibar, una maana mwenyekiti wa kitongoji. Na barua ya mauziano yenye mhuri wake peke yake haitoshi.

Kwanza jua ardhi ni ya aina gani. Ikiwa ya kijiji, inafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: uhamisho upitishwe na halmashauri ya kijiji, na mnunuzi asiye mkaazi wanaweza kumkataa. Dai nakala ya muhtasari wa kikao. Ikiwa kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangalie daftarini mwenyewe ni nani, kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji ana mke? Ridhaa yake iwe ya maandishi.

Nyumba kaitazame Aprili, masika yamekolea, si Januari. Zunguka nyuma, pale mlima ulipochongwa kupata uwanja. Pasipo mfereji maji hutuama kwenye msingi, kiambaza kikapasuka kimshazari kuanzia pembe ya dirisha. Ukikuta rangi mpya upande huo tu, tia shaka. Mtu wa Makunduchi, kusini Unguja, aliyezoea kujenga juu ya jiwe, jambo hili humpita.

Na ukienda Julai chukua mablangeti, baridi ya kule si kipupwe chetu.