Swali la lugha: Mwezi uliochomoza magharibi

SWALI: Mapema Novemba tulilala Kipungani, kisiwani Lamu, mbali na taa za mji, tukakesha tukitazama nyota. Nikaandika: "Jua lilipozama, mwezi mpya ulichomoza magharibi, kisha Kilimia kikapanda." Mwenyeji wetu akasema mwezi mpya hauchomozi. Je, ni kweli? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu, na mshukuru mwenyeji wako. Kinachochomoza hutokeza kutoka chini kikipanda. Mwezi mchanga haupandi. Jua likishatua, unauona juu kidogo ya upeo wa magharibi, nao unashuka kulifuata. Ndiyo sababu tunasema umeandama, kwani kuandama ni kufuata. Pwani, ambako watu hutoka kuutafuta kwa macho mwezi wa Ramadhani, neno hili ni la kila mwaka, sikia tu watu wakiulizana, "Mwezi umeandama?" Kuchomoza kuwekee mwezi mpevu, unaotokea mashariki jua likitua.

"Jua lilipozama" si kosa. Lakini kuchwa ni kitenzi kitamu mno kuachwa kife: jua limekuchwa, na wakati wake ni machweo. Lahaja za kaskazini, Kiamu cha huko Lamu kikiwamo, husema kutwa, na sote tumeirithi sura hiyo katika "mchana kutwa": mpaka jua lichwe. Mwenzake ni "usiku kucha": mpaka kuche. Ninyi basi mlitazama nyota usiku kucha, kamwe si "usiku kutwa" kama ninavyosikia siku hizi.

Kuhusu Kilimia, kile kishada cha nyota kilichopata jina kutokana na kulima, wazee walikipa vitenzi viwili, kuzuka na kuzama: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mwezi wa Mei, masika yakinyesha, Kilimia huwa karibu na jua na hakionekani, Juni hurudi alfajiri, upande wa mashariki. Novemba, kama mlivyoona, huzuka mwanzo wa usiku. Kupanda kunafaa baadaye, kikiwa tayari kinaelekea utosini.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Jua lilipokuchwa tuliona mwezi umeandama, punde, upande wa mashariki, Kilimia kikazuka."