Banda lililotumika halisafiki kwa klorini: usiwaingize sungura hao leo

Usiwaingize hao sungura katika banda hilo jioni ya leo. Umeandika kwamba umenunua dume na jike wa umri wa wiki nane, kwamba jirani amekuachia banda la mbao ambalo sungura wake wa mwisho walifia humo, kwamba umelisugua kwa sabuni na klorini mpaka likanukia, na kwamba sasa unataka kujua walishwe nini, ni wa aina gani na kama wakae pamoja. Habari ya banda umeipitia kwa sentensi moja, lakini ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu nilifanya vivyo hivyo kwa maelekezo ya mtu aliyeniuzia sungura wangu wa kwanza, na nikawazika karibu wote.

Mtu huyo aliniuzia sungura pamoja na banda lake la zamani, akaniapia kwamba klorini huua kila kitu. Sivyo. Ugonjwa unaomaliza sungura wadogo mara nyingi baada ya kuachishwa kunyonya ni koksidiosisi, unaoletwa na vimelea vya Eimeria, na mayai ya vimelea hivyo hutoka katika kinyesi cha sungura mkubwa ambaye ukimtazama utaapa kwamba ni mzima. Ganda la yai hilo ni gumu kiasi kwamba klorini na dawa nyingi tunazosafishia sakafu hazilipenyi. Linachoshindwa kustahimili ni joto kali na ukavu. Likipata unyevu, hewa na joto la kawaida, hukomaa ndani ya siku chache na kuwa tayari kumwambukiza yeyote atakayelila pamoja na majani yaliyoangukia sakafuni. Kwa hiyo mtu anayeosha banda kwa maji mengi, akaliacha bichi, kisha akamwaga maranda juu yake, ameyaandalia mayai hayo mahali pazuri pa kukomalia, hasa msimu huu wa masika ambapo mbao hazikauki hata kidogo.

Wangu walianza kwa kuacha chakula. Mmoja alijikunyata pembeni mgongo ukiwa umepinda, tumbo limevimba huku uti wa mgongo ukichomoza chini ya manyoya, na nilipomsogelea nilimsikia akisaga meno, sauti ambayo leo najua kuwa ni ya mnyama mwenye maumivu makali. Nilimpigia muuzaji simu. Akanijibu kwamba ni tumbo tu la mabadiliko ya mazingira, niwanyweshe dawa ya maji ya amoksilini wanayopewa watoto. Naomba kila anayefuga sungura alishike hili: dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwa mojawapo, zikipitia mdomoni zaweza kumuua sungura, kwa kuwa huangamiza bakteria wema wanaosaga chakula ndani ya utumbo wake na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Mpaka leo sijui mtu anapata wapi ujasiri wa kuuza wanyama mwaka hadi mwaka na kugawa ushauri wa namna hiyo kwa simu, kisha akapokea simu ya mteja mwingine na kumwambia maneno yaleyale.

Daktari wa mifugo alipofika alimpasua mmoja aliyekwisha kufa, akanionyesha ini lililovimba na kujaa madoa meupe, kazi ya Eimeria stiedae. Kisha akachomeka kisu kati ya mbao mbili za pembeni mwa banda na kuchokonoa ukoko mweupe wa mkojo ulioganda kwa miezi, ndani yake zikiwa punje za kinyesi cha sungura nisiowahi kuwaona. Klorini yangu ilikuwa imepita juu ya ukoko huo bila kuugusa.

Usiku wa leo walaze katika boksi kubwa jipya lenye nyasi kavu nyingi, ulitoboe matundu ya hewa, na kesho ulitupe uweke jingine. Wakati huo lishughulikie banda. Ng'oa ubao wowote ulioloa mkojo ukaingia ndani, kwa sababu mbao hunyonya na hakuna namna ya kuusafisha. Ukoko uliobaki ulowanishe kwa siki, maana mkojo wa sungura una madini mengi ya chokaa ambayo siki huyalainisha, halafu ukwangue mpaka uone mti mtupu. Baada ya hapo mwagia maji yanayotokota kila kona na kila kiungo, pitisha moto wa gesi kwenye wavu wa chuma, kisha lianike juani mpaka likauke kabisa. Kama jua halipo, usiharakishe. Ni afadhali wakae boksini wiki nzima. Kanuni yangu ni kwamba banda lililotumika haliingizwi sungura mpaka limeunguzwa kwa maji yanayotokota na kukauka, hata kama aliyelitumia ni ndugu yako na sungura wake hawakuwahi kuhara.

Wakishaingia, ondoa kinyesi kila siku bila kuruka, ili mayai yatoke nje kabla hayajakomaa. Kile kinyesi laini wanachokula moja kwa moja kutoka mkunduni usikihofie wala usiwazuie, kwani ni sehemu ya lishe yao, na mayai yaliyomo hayajakomaa. Majani na nyasi ziweke katika kihori kilichoinuliwa, zisiguse sakafu.

Kuhusu chakula, mwombe aliyekuuzia mfuko mdogo wa kile walichokizoea, ukibadilishe taratibu. Mmoja wao akishinda kutwa bila kula, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kinyesi kibichi kikapimwe kwa darubini, na mtu yeyote akikutajia amoksilini, katae. Kabla hujawahamisha, weka hapa picha za pembe za banda kwa ndani na ya sakafu kwa chini, nami nitazitazama.